Njia ya kilomita 600 kutoka Njombe hadi Makambako

Kutoka Njombe mjini hadi Makambako ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, kilomita 60 na ushee za lami. Kwa redio ya masafa mafupi, njia inayofaa ni ndefu mara kumi. Wimbi linaondoka kwenye waya uliotandazwa uani, linapanda karibu wima kilomita 300 hivi mpaka kwenye ionosfea, lile tabaka la hewa nyembamba iliyochajiwa na jua, linageuzwa na kushuka Makambako. Safari nzima inachukua milisekunde 2. Anayeanza redio ya ridhaa huku Nyanda za Juu Kusini akilielewa hilo vizuri, atajua fedha zake aziweke wapi.

Wengi huanza kwa kujiamini: sisi tuko juu, redio zetu zitafika mbali. Ni kweli Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni inatukumbusha. Lakini wimbi halipimi urefu kutoka Bahari ya Hindi. Redio ndogo ya mkononi ya megahezi 144 hadi 146 husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kinachohesabika ni antena imepanda kiasi gani juu ya nchi inayoizunguka. Milingoti miwili ya mita 10, kila mmoja kwenye uwanda ulio sawa, huonana kwa kilomita kama 26, basi. Kilima cha jirani nacho kiko mita 2,000, na kati ya Njombe na Makambako vilima havikosekani. Redio ya mkononi nunua kwa mazungumzo ya ndani ya mji, au kwa siku unapopanda kwenye mgongo wa kilima unaoiona nchi ya upande wa pili. Ukitaka mkoa mzima na nchi nzima, utatandaza waya.

Waya huo hauna siri. Kwa bendi ya mita 40, ambayo katika kanda yetu ya kimataifa ya mawasiliano ni megahezi 7.0 hadi 7.2, gawanya 143 kwa masafa unayoyataka. Kwa megahezi 7.1 unapata mita 20 na sentimita chache. Kata katikati, kila mkono mita 10 na kidogo, kebo ya antena iunganishwe pale katikati: hiyo ndiyo dipoli. Waya wa kawaida wa nyumba, ule wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unaouzwa kwa roli, unafaa kabisa. Kwa kuwa ganda lake la plastiki hupunguza kasi ya wimbi, dipoli itatoka fupi kuliko hesabu kwa asilimia 2 au 3. Kata mrefu kwanza, pima, kisha punguza; waya uliokwisha kukatwa mfupi hauna dawa zaidi ya kuungaunga.

Sasa uuweke juu kiasi gani? Hapa ndipo watu hushangaa. Dipoli ya mita 40 iliyotundikwa mita 10 juu hurusha nguvu zake nyingi moja kwa moja angani, kama tochi iliyosimamishwa mezani ikimulika dari, na mwanga unaorudi huenea chumba kizima. Mchana, waya huo utakupa Songea, Mbeya, Dodoma na Lilongwe, na hata Dar es Salaam, iliyo zaidi ya kilomita 500 kwa mstari ulionyooka. Hospitali za misheni na mashamba yaliyokuwa na simu za upepo kabla ya simu za mkononi yaliishi kwa njia hiyo hiyo: waya wa chini kati ya miti miwili, na daktari wa mbali akasikika. Usiku mambo hugeuka. Jua likizama, ionosfea hupungua nguvu, na kuna saa ambayo haiwezi tena kulirudisha wimbi linalopanda wima. Makambako inanyamaza, na badala yake Ulaya inaingia kwenye bendi ile ile, kwa sababu mawimbi yanayofika kwa mshazari bado hugeuzwa. Redio haijaharibika. Subiri asubuhi.

Mlingoti ule ule wa mita 10 unaweza kufanya kazi ya pili. Kwa bendi ya mita 20, megahezi 14.0 hadi 14.35, urefu huo ni nusu ya wimbi, si robo, kwa hiyo dipoli ya pili yenye mikono ya mita 5 hurusha kwa mshazari na kwenda mbali. Zifunge dipoli zote mbili kwenye kebo moja, ncha zake ukizitenganisha kwa mita moja au zaidi. Waya ukitandazwa mashariki hadi magharibi, nguvu zake zitaelekea kaskazini na kusini: Afrika Kusini upande mmoja, Ulaya upande wa pili.

Hapo ndipo napenda kugombana na matangazo ya redio za bei mbaya. Mtu anaacha redio ya wati 100 na kutamani kikuza nguvu cha wati 400. Kuzidisha nguvu mara nne ni desibeli 6, na desibeli 6 kwenye mita ya redio ya anayekusikiliza ni namba moja tu: ulikuwa 6, sasa uko 7. Waya ulionyanyuliwa kutoka kwenye paa la bati hadi juu ya mti mara nyingi hukupa zaidi ya hapo, na hukupa unaporusha na unapopokea pia. Tena nguvu zinakula betri. Redio ya wati 100 ikirusha kwa nguvu zote huvuta ampea kama 20 kwenye volti 13.8, mzigo mzito kwa betri ya sola. Ikisikiliza tu huvuta ampea 1 hivi. Ningekuwa naanza leo na bajeti ndogo, ningechukua redio ya wati 10 na kompyuta kuukuu, nitumie FT8, mfumo wa kidijitali uliotolewa 2017 na Joe Taylor, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 1993, akishirikiana na Steve Franke. Hutuma ujumbe mfupi kwa vipindi vya sekunde 15 na kuusoma hata pale ambapo sikio linasikia mchakacho mtupu. Kinachodaiwa ni saa ya kompyuta iwe sahihi.

Kwa nguzo, mkoa huu umebarikiwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Mikaratusi na misindano iko kila kona, miwati nayo imeenea tangu kampuni ya miwati ya Tanwat ianzishwe 1949, na nguzo za umeme zilizotiwa dawa zinatoka huku huku. Mwanzi wa ulanzi ni mlingoti mwepesi na wa bei poa, ila jua litaupasua, kwa hiyo uhesabu kama kitu cha muda. Bomba la chuma huuzwa kwa mita 6. Mawili ukiyaunga unapata 12, lakini yatataka waya za kushikilia katika ngazi mbili, kila ngazi pande tatu au nne.

Mti ulio hai una shida yake: unacheza. Ncha ya dipoli ukiifunga kwa kamba iliyokazwa kwenye tawi, siku ya upepo mti utavuta na waya utakatika pale pale katikati. Fundi anayejua huweka kapi juu ya mti, anapitisha kamba ya manila, na upande wa chini anafunga jiwe au dumu la maji badala ya kukaza kwenye kigingi. Mti ukienda, jiwe linapanda. Mti ukirudi, jiwe linashuka, na waya unabaki na mkazo ule ule. Vihami vya ncha havinunuliwi: vipande vya bomba la plastiki la maji, urefu wa kidole, vyenye matundu mawili.

Na upepo ni mada kubwa zaidi Makambako kuliko Njombe. Wawekezaji wa umeme wa upepo hawakuja kuutazama mji ule bure. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, msukumo wake kwenye mlingoti huongezeka mara nne, na antena kubwa yenye vijiti vingi vya alumini huukamata wote. Kwa Makambako ningeshauri waya mwembamba wenye umbo la V iliyopinduliwa: nguzo moja imara katikati, mikono miwili ikishuka kuelekea vigingi. Mzigo wote unabaki kwenye nguzo, na mikono yenyewe husaidia kuishikilia. Ncha zikae juu kuliko mkono wa mtu mzima unavyoweza kufika, maana unaporusha zina volti za kuunguza. Na nguzo isisimamishwe mahali ambapo ikianguka itafika kwenye nyaya za TANESCO. Hilo halina mjadala.

Kebo ndiyo inayodhulumu kimyakimya. Mita 30 za kebo nyembamba ya aina ya RG-58 kwenye megahezi 7 hula kama robo ya nguvu, inavumilika. Kwenye megahezi 145 urefu huo huo hula robo tatu, na wati zako 50 zinafika juu zikiwa kumi na kitu. Kebo ya ungo wa king'amuzi, ambayo kila duka la vifaa vya umeme linayo, ni ya omu 75 badala ya 50, na wengi huikataa kwa sababu hiyo. Wanaionea. Tofauti hiyo hurudisha asilimia 4 tu ya nguvu, na upotevu wake ni mdogo kuliko wa RG-58. Kero yake ni nyingine: wavu wake wa alumini haushiki lehemu, kwa hiyo itabidi utumie viungio vya kubana, uvizibe vizuri maji yasiingie.

Halafu kuna kelele. Chaja za bei rahisi, taa za LED na vidhibiti vya sola hurusha uchafu wa redio, na aliye karibu na kituo cha umeme au na njia ya kilovolti 220 ya Makambako hadi Songea atasikia mlio wake hasa siku za vumbi na unyevu. Umeme ukikatika mtaa mzima, washa redio kwa betri: mara nyingi bendi inatulia ghafla, na vituo ambavyo hukuwahi kuvijua vinajitokeza. Baada ya hapo utajua adui yuko ndani ya nyumba yako au nje, na ukitaka kumpata, zima swichi kuu kisha rudisha kifaa kimoja kimoja.

Kati ya Novemba na Aprili radi si hadithi. Kuchomoa kebo kwenye redio na kuiacha juu ya meza ni kuikaribisha radi mezani. Itupe nje ya dirisha, na mlingoti wa chuma utiwe ethi kwa fimbo iliyozama ardhini, mapema, wingu likiwa bado mbali.

Kupima kama kazi imefaulu, sikiliza megahezi 14.100. Hapo kuna mtandao wa vituo 18 vya dunia vinavyopokezana kwa zamu za sekunde 10, kila kimoja kikirudi baada ya dakika 3. Cha Afrika Mashariki ni 5Z4B, Kenya, kilomita kama 900 kutoka Njombe; kuna 4S7B wa Sri Lanka na ZS6DN wa Pretoria pia. Kila kituo hutaja jina lake kwa Morse kisha hutoa milio minne ya sekunde moja: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa mwisho sehemu ya kumi ya wati. Hesabu unasikia milio mingapi, badilisha antena, hesabu tena baada ya dakika 3. Hakuna haja ya kumiliki kipimo chochote.

Kusikiliza ni hivyo tu. Kurusha kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na alama ya wito, ambayo kwa Tanzania huanza na 5H. Ifuatilie leseni kabla ya kuagiza redio, kwa sababu vifaa vya mawasiliano vinavyoingia nchini navyo viko chini ya mamlaka hiyo hiyo.

Asiye na kiwanja cha mita 20 bado ana nafasi. Tangu setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, irushwe Novemba 2018 na kutulia juu ya ikweta kwenye nyuzi 25.9 mashariki, watu wa redio ya ridhaa wana kipaza chao angani, QO-100, kinachofunika Afrika yote. Kutoka Njombe iko kaskazini-magharibi, nyuzi kama 75 juu ya upeo, karibu utosini, kwa hiyo vilima havizuii kitu. Ungo wa kawaida wa televisheni na LNB yake, ukielekezwa hapo, hupokea megahezi 10,489.5 na kuendelea. Kipokezi kidogo cha USB na kompyuta vinamalizia. Kwa kupanda juu hutumika megahezi 2,400, jirani na WiFi, ambako kila mita ya kebo hula nguvu nyingi, kwa hiyo kikuza nguvu hufungwa kwenye ungo wenyewe, ndani ya kisanduku kisichopitisha maji.