Mwanamke Asiye na Jina: Tuisomeje Mzalendo Kimathi?

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Sibwesa, kule kwetu Mpanda, na kitabu kimoja mkobani: Mzalendo Kimathi, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, ambayo kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1976. Jioni moja bibi alitaka nimsimulie. Nikafika kwa yule mwanamke mwenye silaha iliyofichwa ndani ya mkate. Bibi akanikatiza: "Anaitwa nani?" Nikamwambia anaitwa Mwanamke, basi. Akacheka. "Mjukuu wangu, bunduki mmembebesha, jina mmemnyima?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya.

Sisi wanafunzi wa fasihi tukiulizwa nafasi ya mwanamke, majibu tunayo mfukoni: mama mlezi, chombo cha starehe, mwanamapinduzi. Tunachagua moja, tunataja ukurasa, tumemaliza. Mwanamke wa tamthilia hii anatushinda hapo. Mbele ya askari mzungu anajifanya mshamba mwoga. Kumbe woga ule ni silaha yake. Kwa Mvulana na Msichana ni mama, na papo hapo ni mwalimu wa siasa. Zamani aliishi maisha ya kudhalilishwa mjini Nairobi. Huyu mtu mmoja anaingia katika makundi yetu yote matatu, na hakuna hata moja linalomtosha.

Sasa tuangalie vita yenyewe. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa msituni, lakini chakula, dawa, risasi na habari vilitoka vijijini, na wabebaji wakubwa walikuwa wanawake. Wakoloni walilijua hilo. Kuanzia mwaka 1954 waliwahamisha kwa nguvu watu zaidi ya milioni moja, wakawaweka katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na askari. Wanawake wenyewe walilazimishwa kuyachimba mahandaki yale. Wengine walifungwa Kamiti. Hebu tujiulize: kama kazi ya kupeleka chakula ilikuwa ndogo, kwa nini dola izungushe handaki kijiji kizima ili kuizuia?

Wapo pia walioingia msituni. Muthoni wa Kirima alipanda mpaka cheo cha Field Marshal, akabaki msituni hadi uhuru wa 1963, ilhali Kimathi alikwisha kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Nywele alizozifuga tangu vita zilikatwa mwaka 2022. Mwaka uliofuata akafariki. Basi majina yalikuwepo.

Kuna watakaosema: kutokuwa na jina ni mbinu ya kifani. Mwanamke huyu ni kiwakilishi cha wanawake wote wa Kenya. Hata Mvulana na Msichana hawana majina. Hoja hiyo naikubali, tena mmoja wa waandishi ni mwanamke, hakusahau kwa bahati mbaya. Lakini tazama upande wa pili: kiongozi mwanamume ana jina, tena limewekwa kwenye jalada. Mwanamume anakuwa mtu, mwanamke anakuwa alama. Jukwaani alama inafanya kazi yake. Ubaya unaanza darasani, tunapoichukua alama ile tukaacha kuwatafuta watu walio nyuma yake.

Na watu hao hawako Kenya pekee. Hukohuko kwetu, Mishamo, waliletwa wakimbizi waliotoroka mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Bibi anawakumbuka akina mama waliofika na watoto mgongoni. Hao hawakuwa wanamapinduzi, wala hakuna aliyewaandikia tamthilia. Hata hivyo vita waliibeba, na wanaijua kwa namna ambayo mpiganaji haijui.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, mhakiki asiishie kuuliza mwanamke amechorwaje. Aulize pia: kazi yake inapimwa kwa mizani gani, na nani ameandikwa jina? Bibi yangu hajawahi kukaa darasa la fasihi, lakini swali aliuliza yeye. Mimi kitabu nilikuwa nimekisoma mara mbili, na sikuliona.