Thairista na Umeme wa Fezi Tatu

Mota nyingi za viwandani huzungushwa na umeme wa fezi tatu, yaani mikondo geu mitatu inayopishana kwa nyuzi 120. Betri hutoa mkondo mnyoofu tu. Chombo kinachogeuza mkondo mnyoofu kuwa geu huitwa inveta, na kwa miaka mingi swichi yake ilikuwa thairista, kipande cha silikoni kilichotengenezwa na wahandisi wa General Electric nchini Marekani mwaka 1957.

Mwanafunzi na achore nyaya mbili, chanya na hasi, na kati yake nguzo tatu, kila moja ikiwa na thairista mbili, ya juu na ya chini. Katikati ya kila nguzo hutoka waya wa fezi moja. Thairista hizo sita huwashwa kwa zamu, kila moja nyuzi 60 baada ya iliyotangulia. Kwa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, zamu huja kila baada ya milisekunde 3.3. Wimbi litokalo lina umbo la ngazi, si laini, lakini mota hulivumilia.

Ugumu u katika kuzima. Mpigo mdogo wa umeme langoni huiwasha thairista. Ikishawaka, lango halina amri tena. Hufunga pale tu mkondo unapokoma kupita ndani yake, nao mkondo wa betri haukomi wenyewe. Ya chini ikiwashwa kabla ya ile ya juu kufunga, chanya na hasi hukutana: ni shoti, na thairista huungua. Ndiyo maana iliongezwa kapasita iliyochajiwa tayari, ambayo huusukuma mkondo kinyume kwa kitambo kifupi mno, hadi thairista ifunge.

Katika inveta za mota, transista zinazozimwa langoni zimekwisha kuchukua nafasi hiyo. Penye umeme mwingi sana thairista bado zipo. Kituo cha Suswa, Kenya, hupokea mkondo mnyoofu wa volti 500,000 kutoka Sodo, Ethiopia, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, kwa njia iliyoanza kazi mwaka 2022. Hapo kuzima hakuhitaji kapasita ya namna ile: volti ya gridi ya Kenya yenyewe, igeukapo, huuhamisha mkondo kutoka thairista moja hadi nyingine. Yapendeza, ila kwa sharti kwamba gridi iwe hai. Volti ikishuka ghafla, thairista hukosa muda wa kufunga. Na gridi ikizimika kabisa, thairista za Suswa haziwezi kuiamsha peke yake; mitambo ya maji au ya jotoardhi hutangulia.