Umepigiwa Wapi?

Jonathan Shepherd ni daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, uso na taya katika jiji la Cardiff, makao makuu ya Wales. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuunga taya zilizovunjwa kwa ngumi na kushona nyuso zilizochanwa kwa glasi na chupa za bia. Katika utafiti alioufanya miaka ya 1980, alilinganisha majeruhi waliofika hospitali na kesi zilizoandikwa polisi. Akakuta kwamba watu wengi waliopigwa hadi wakahitaji tiba hawamo kabisa katika kumbukumbu za polisi.

Sababu zake anaweza kuzitaja yeyote aliyewahi kukaa na majeruhi wa ugomvi wa baa. Mmoja anaogopa kulipiziwa kisasi. Mwingine alikuwa amelewa na hamjui aliyempiga, hivyo anaona hana cha kwenda kueleza. Wa tatu alianza yeye kurusha ngumi, na hataki kuulizwa. Na wako waliokata tamaa zamani, wanaoamini kwamba kwenda kituoni ni kupoteza siku nzima bure.

Maana yake ni nzito. Polisi wanapanga doria kwa kufuata kesi zilizoripotiwa. Kama nusu ya vipigo havifiki kwao, basi wanalinda mji ambao hawaujui vizuri. Anayeujua ni karani wa mapokezi hospitalini, anayewapokea majeruhi usiku wa manane mmoja baada ya mwingine, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Shepherd aliwakutanisha Cardiff watu wa hospitali, polisi, halmashauri ya jiji na wadau wengine katika kikundi kimoja cha kuzuia ukatili. Mwaka 1998 ikaja sheria iliyozitaka halmashauri na polisi kote Uingereza na Wales kushirikiana kupunguza uhalifu, na hapo ushirikiano ukapata mgongo wa kisheria. Lakini kiini cha kazi kilibaki pale mapokezini. Mtu akisema amepigwa, karani anamwuliza mambo machache: Ilikuwa wapi hasa, baa gani, mtaa gani? Siku gani na saa ngapi? Ulipigwa na nini? Walikuwa wangapi? Majibu yanaingizwa kwenye kompyuta, jina la mgonjwa linaondolewa, kisha taarifa zinapelekwa kwa mchambuzi anayeziunganisha na zile za polisi. Kila mwezi ramani inapatikana.

Naomba msomaji aliangalie vizuri swali la kwanza. Haliulizi nani alikupiga. Likiuliza hivyo, mdomo unafungwa. Linauliza wapi, na hilo hata mlevi mwenye kisasi moyoni analijibu bila kusitasita, kwa sababu halimtii mtu mbaroni. Hospitali inatunza siri ya mgonjwa wake, na bado mji unapata unachohitaji. Kwangu mimi hapa ndipo penye akili ya mpango mzima, na ndiyo sababu unaweza kufanyika mahali pasipo na fedha nyingi.

Ramani ikionyesha baa fulani au kona fulani inatoa majeruhi kila mwisho wa wiki, kila mmoja ana la kufanya. Cardiff ina uwanja mkubwa wa raga katikati kabisa ya jiji, na mitaa ya starehe imeuzunguka. Baa zinapofungwa, maelfu ya watu hutoka kwa wakati mmoja, wote wanatafuta chakula, wote wanatafuta teksi, wote wamelewa. Mtu anasukumwa kwenye foleni, bega linagonga bega, tusi linatoka, chupa inapaa. Kwa hiyo polisi walihamishwa kutoka pembezoni kuja katikati ya jiji katika saa za hatari. Kamera za barabarani zikaelekezwa kwenye sehemu zilizotajwa. Halmashauri ikafunga kwa magari baadhi ya sehemu za barabara za katikati ya jiji ili watu wapate nafasi ya kupita, na usafiri wa usiku ukaongezwa ili umati usirundikane. Baa zilizokuwa na majeruhi wengi zikafuatiliwa kwa majina, na wenye leseni wakatakiwa kujieleza.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la kitabibu la BMJ. Watafiti waliilinganisha Cardiff na miji mingine 14 inayofanana nayo. Majeruhi wa ukatili waliolazwa hospitali Cardiff walipungua kutoka 7 hadi 5 kwa kila watu 100,000 kwa mwezi. Katika miji mingine waliongezeka kutoka 5 hadi 8. Kesi za mashambulizi madogo zilizoandikwa na polisi wa Cardiff, kinyume chake, ziliongezeka. Maelezo ya watafiti ni kwamba polisi walikuwa karibu zaidi, wakaingilia ugomvi ukiwa bado ngumi, kabla haujawa kisu.

Utafiti umewafundisha pia kutoiamini nia njema peke yake. Shepherd na mwenzake waliwahi kujaribu kwenye baa glasi za kioo kigumu, kwa matumaini kwamba zingepunguza majeraha. Wahudumu waliopewa glasi hizo wakaumia zaidi kuliko wenzao, kwa sababu zilizonunuliwa zilikuwa zikivunjika upesi kuliko za kawaida. Bila kupima, wangezisambaza nchi nzima na kujipongeza.

Kwetu Afrika Mashariki, kila balaa la ulevi likitokea tunakimbilia amri ya saa. Kenya iliweka sheria mwaka 2010: baa zifunguliwe saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana mwisho wa wiki. Kuweka saa si kosa. Lakini amri ya saa inaziona baa zote kuwa sawa, wakati kila mkazi wa mji anajua kuna baa ya wazee wanaokunywa na kuzungumza siasa, na kuna ile ambayo haimalizi wiki bila mtu kupasuliwa kichwa.

Tanzania tuna fomu ya PF3. Aliyepigwa anaichukua polisi, daktari anaijaza, inarudi kuwa ushahidi. Ina kazi yake mahakamani, na sitaki iguswe. Ila inamfuata mtu mmoja na kesi yake moja. Asiyetaka kesi anaikwepa: anasema ameanguka na bodaboda, au anaishia duka la dawa na pamba na spiriti. Wanawake wanaopigwa nyumbani na waume waliorudi kutoka baa ndio hasa wanaopotelea hapo, na kwao hata ramani ya Cardiff, iliyochorwa kwa ajili ya mitaa ya starehe, haitoshi; wanahitaji mlango mwingine, na mtu wa kuwasikiliza wakiwa peke yao.

Lakini kwa vurugu za baa na stendi, vyombo vyote tunavyo. Halmashauri ndizo zinazotoa leseni za vileo. Kata ina mtendaji, mtaa una mwenyekiti, polisi wapo, ulinzi shirikishi upo. Hospitali ya wilaya ina karani wa mapokezi na daftari. Kinachokosekana ni safu nne za ziada kwenye daftari hilo (mahali, siku, saa, silaha) bila jina la mtu, na kikao cha kila mwezi ambacho mganga mfawidhi, mkuu wa kituo na afisa biashara wanakaa meza moja na kuzisoma. Waganga wakuu wa wilaya wasisubiri waraka kutoka wizarani. Waanze na hospitali moja, kwa miezi sita, na kikao cha leseni kitakachofuata kipewe orodha hiyo kabla ya kupitisha jina la baa yoyote.