Chunya: Msaada wa Shule Unaoshindana na Machimbo

Dhahabu ya Lupa imekuwa ikivuta watu Chunya tangu miaka ya 1920, na mpaka leo, huko Makongolosi na Matundasi, ndiyo inayoamua nani ana hela wiki hii. Mtoto wa nyumba isiyo na kitu anaijua hela hiyo mapema. Akiosha mchanga mwaloni asubuhi, jioni ana chochote cha kupeleka nyumbani. Shule haina cha kumpa jioni hiyo. Mpango wowote wa kumsaidia mtoto huyu asome unapimwa hapo.

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika uchimbaji mdogo wa dhahabu mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, Chunya ikiwemo. Liliwakuta watoto, wakiwemo yatima, wakishuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wakiponda mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Kazi yenyewe iko hivi: mchanga uliosagwa hutiwa kwenye karai lenye maji, zebaki ikamwagwa humo, mtoto akakoroga kwa vidole mpaka dhahabu inate. Donge linalopatikana huchomwa motoni, zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. Mvuke ule hauna rangi wala harufu. Huingia mapafuni, ukafika kwenye ubongo, na ubongo wa mtoto bado unakua. Kwa hiyo machimbo hayamwibii saa za darasani tu. Yanaweza kudhoofisha hata uwezo wake wa kushika anachofundishwa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza asiye na miaka 18 kufanya kazi za migodini, lakini sheria haipiki ugali.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Ilikuwa hatua kubwa, na madarasa yalifurika. Zikabaki sare, madaftari, na ile gharama ambayo bajeti za wafadhili huisahau: kipato cha siku ambayo mtoto hakwenda mwaloni.

Kugawa sare kunasaidia, sipingi. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti walifuatilia watoto waliopewa sare bure, wakaona utoro umepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Waliporudi kuwaangalia miaka minane tangu mpango uanze, hawakuona tofauti ya darasa walilofikia ikilinganishwa na wenzao ambao hawakupewa. Sare huchakaa, mtoto hurefuka, na njaa ya nyumbani iko palepale. Ndiyo maana picha ya watoto wameshika mabegi mapya hainiambii mengi. Ningependa kuona daftari la mahudhurio la mwezi wa tisa.

Ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa kaya maskini imekaribia kiini cha tatizo, kwa sababu inamlenga mzazi au mlezi, na mara nyingi uamuzi wa kumpeleka mtoto mwaloni hutokana na chungu chake kitupu. Sehemu ya fedha hizo inategemea mtoto kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za shule. Hata hivyo hulipwa kila baada ya miezi miwili, na machimbo hulipa leo. Pengo hilo linahitaji kitu cha kila siku, na sijaona kinachofaa kuliko uji wa saa nne na chakula cha mchana shuleni. Mlo ndio malipo ambayo shule inaweza kuyatoa siku hiyohiyo.

Kwa aliyekwisha kuacha shule ipo MEMKWA, mpango ulioanza kwa majaribio mwaka 1999 kwa ajili ya waliokosa elimu ya msingi. Kijana wa miaka 14 aliyezoea kushika hela yake hatakubali kuketi na watoto wa darasa la pili. Katika MEMKWA hukaa na wa rika lake, kwa mtaala uliofupishwa, kisha akaweza kurudi kwenye mfumo wa kawaida. Darasa hilo linahitaji mwalimu anayelipwa kwa wakati na ratiba inayojua siku za mnada na msimu wa tumbaku. Linahitaji pia mtu wa kufuatilia. Mwanafunzi akikosekana siku tatu mfululizo, mwalimu amwambie mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii, na mmoja wao afike nyumbani kabla wiki haijaisha.