Jaribu programu yako kabla mteja hajaijaribu

MNAMO Aprili 1, 2020, serikali ya Kenya ilipunguza ushuru wa VAT kutoka asilimia 16 hadi asilimia 14. Januari 1, 2021, kiwango hicho kikarejeshwa palepale kilipokuwa.

Kila mara, waundaji wa programu za tarakilishi walilazimika kurekebisha hesabu za risiti madukani. Pahali pamoja tu pakisahaulika, mteja hutozwa kupita kiasi, au mwenye duka hubaki na deni la ushuru. Je, mwanagenzi atajuaje kwamba hajasahau chochote?

Njia bora ni kuiachia tarakilishi yenyewe kazi ya ukaguzi. Lugha ya Python ina chombo cha shughuli hiyo, unittest, ambacho kimekuwa sehemu yake tangu 2001. Hakinunuliwi wala hakipakuliwi kando.

Tuseme katika faili 'duka.py' umeandika sehemu iitwayo 'ushuru', ambayo huzidisha bei kwa 16 kisha kugawanya kwa 100. Bei ya Sh1,000 yapasa kuleta ushuru wa Sh160. Fungua faili ya pili, 'test_duka.py', uandike:

import unittest
import duka

class JaribioLaUshuru(unittest.TestCase):
    def test_bei_ya_elfu(self):
        self.assertEqual(duka.ushuru(1000), 160)

Jina la kila jaribio sharti lianze kwa 'test', la sivyo halitatambuliwa. Ukiwa katika folda hiyo, andika amri 'python -m unittest'. Hesabu ikiwa sahihi utaona 'OK'. Ikiwa na kasoro utaona 'FAILED', pamoja na jibu lililopatikana na lile lililotarajiwa.

Kiwango kikibadilika kuwa asilimia 14, anza na jaribio: badilisha 160 iwe 140, kisha toa amri ile ile. Jaribio litafeli, na ndivyo ipasavyo. Sasa rekebisha programu hadi jaribio lipite.

Hata hivyo, jaribio hukagua tu lile uliloliuliza. Kwa hivyo, ongeza mengine: bei ikiwa sufuri je? Na karani akiingiza bei iliyo chini ya sufuri kimakosa?

Aidha, kila kasoro inayogunduliwa na mteja iandikiwe jaribio lake, isije ikarudi kisirisiri. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta.