Fahamu: Sensa za upepo wa tairi kwenye gari la mtumba

Taa ya njano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao huwaka kwenye dashibodi pale upepo unapopungua, au pale sensa yenyewe inapokufa.

Ni nini?
Ni kifaa kidogo ndani ya gurudumu, mara nyingi kwenye shina la valvu. Hupima upepo na kutuma taarifa kwa mawimbi ya redio. Baadhi ya magari hayana kifaa hicho. Hukisia upungufu kwa kulinganisha mizunguko ya magurudumu kupitia sensa za breki za ABS.

Vifaa hivi vilianzaje?
Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha mifumo ya kuonya upepo wa tairi mwaka 2000, baada ya ajali za Ford Explorer zenye tairi za Firestone. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa magari yote mapya madogo ya abiria kuanzia Novemba 2014.

Kwa nini hufa?
Betri imefungiwa ndani, na kwa kawaida hudumu miaka 5 hadi 10. Ikiisha, hubadilishwa sensa nzima. Taa ikipepesa kwa dakika moja hivi kisha ikabaki inawaka, kwa kawaida hitilafu iko kwenye mfumo, si kwenye upepo.

Kabla ya kununua sensa
- Linganisha masafa: magari ya Ulaya hutumia MHz 433, mengi ya Marekani MHz 315.
- Badilisha wakati wa kufunga tairi mpya, kwa kuwa tairi lazima itolewe kwenye rimu.
- Hakikisha fundi ana mashine ya kuzisajili sensa kwenye kompyuta ya gari.

Hata taa ikiwa haiwaki, geji ya mkononi bado inahitajika: magari mengi huonya upepo ukishapungua kwa asilimia 20 hadi 25.