Je, Wajua? Kanisa la Mateka wa Vita Mai Mahiu

Je, wajua kwamba kanisa linalotajwa kuwa dogo kuliko yote nchini Kenya lilijengwa na mateka wa vita? Lipo kando ya barabara ya zamani ya Nairobi kwenda Naivasha, kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Waliolijenga mwaka 1942 ni Waitaliano, askari waliotekwa Waingereza walipowashinda huko Ethiopia na Somalia. Waliletwa hapa kuchonga barabara ubavuni mwa Bonde la Ufa, na katikati ya kazi hiyo wakajijengea pa kusalia.

Udogo wake ndio uzuri wake. Abiria kumi na wanne wa matatu moja wakiingia, limejaa. Lakini hakuna kilichosahauliwa: kuta za mawe, msalaba juu, altare, mabenchi machache. Ni kanisa kamili, si kibanda cha kupitishia mvua. Simama mbele ya altare ukae kimya kidogo, utasikia matrela yakipita kwa gia nzito, yakikokota mizigo ya Uganda. Barabara na kanisa ni kazi ya mikono ile ile, na bado unavisikia pamoja.

(Mai Mahiu, kwa asiyejua Kikuyu, ni maji ya moto.)

Mateka hao hawakuwa watu wa kukaa tu wakingoja vita viishe. Januari 1943 wenzao watatu walitoroka kambini Nanyuki, wakapanda Mlima Kenya, wawili wao wakasimika bendera ya Italia kwenye kilele cha Point Lenana, kisha wote wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe!

Na je, wajua kwamba kanisa hili lina ndugu yake Ulaya? Mateka wengine wa Kiitaliano, waliopelekwa visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti, walijenga lao kati ya 1943 na 1944. Waliunganisha mabanda mawili ya bati, wakachora kuta za ndani zionekane kama matofali na mawe ya kuchonga, na taa wakazitengeneza kwa mikebe ya nyama. Nao pia walikuwa kazini, wakijaza mawe baharini kuzuia nyambizi. Juu ya mawe hayo leo hupita magari. Watalii hufunga safari hadi Orkney kulitazama. La Mai Mahiu lilitangulia, tena ni la mawe matupu, na wengi wetu tunalipita mbio tukiwahi viboko wa Naivasha.